Mrejesho: kuchangia programu huria za kuigiza seli za neva

Wakuu, niliuliza hapa: mwanafunzi wa fizikia kama mimi aanzie wapi kuchangia programu hizi. Asanteni sana. Mlioniambia nianze na nyaraka kabla ya kukimbilia kodi, mlinifaa kweli. Nilichukua Brian 2, mojawapo ya programu hizo, kwa kuwa imeandikwa kwa Python na milinganyo unaiandika karibu kama ilivyo daftarini, nikaupitia mfano wa Hodgkin na Huxley wa 1952 (milinganyo ya jinsi seli ya neva inavyorusha ishara ya umeme) mstari kwa mstari. Kisha nikaongeza mfano mfupi kwenye maelezo ya vizio (ukijumlisha milivolti na sekunde, programu inagoma palepale). Umepokelewa! Kuharakisha kodi ya C++ kwenye mradi mwingine kumenishinda. Majaribio yanafeli, pendekezo langu la mabadiliko nimelifunga. Barua ndefu ya kujitambulisha sikuandika, na hakuna aliyeiulizia.