Intero (jaribio la darasani) ya takwimu: nimepewa 4/20 kwa sababu niliishia 1,00

Wanafunzi wenzangu wa Bukavu, nina hasira na siifichi.

Swali lilikuwa la wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, 40 wa soko la Kadutu: kila mmoja amemaliza mabeseni mangapi kwa siku? Wasiouza hata moja 4, moja 10, mawili 12, matatu 8, manne 6. Tutoe frekwensi jumlishi, yaani kwa kila mstari, sehemu ya wauzaji wote waliouza kiasi hicho au chini yake. Nikagawa kila idadi kwa 40, nikapata 0,10, 0,25, 0,30, 0,20 na 0,15, kisha nikashuka nikijumlisha: 0,10, 0,35, 0,65, 0,85, 1,00. Karatasi imerudi na biki nyekundu imekata safu nzima.

Kisa, haifanani na silabusi, kile kijitabu cha somo. Silabusi hiyo hiyo tuliyolazimishwa kununua dola 10!

Nimeifungua. Wanachukua safu iliyokwisha kujumlishwa, wanaijumlisha tena. Mstari wa tatu wana 0,10 na 0,35 na 0,30, wanaandika 0,75. Jamani, ile 0,35 tayari ina 0,10 tumboni! Wale mama wanne wasiouza hata moja wamehesabiwa mara mbili. Hesabuni kwa vidole: waliouza mabeseni mawili au chini yake ni 4 na 10 na 12, yaani 26, na 26 kwa 40 ni 0,65. Silabusi inadai 30. Hao wanne wa ziada hawamo kwenye jedwali. Mstari unaofuata 1,40. Wa mwisho 2,75, yaani wauzaji 110 wakati waliohojiwa ni 40!

Safu ya frekwensi jumlishi inaishia 1. Ikitoka 0,99 au 1,01 ni desimali zilizokadiriwa juu au chini, basi. Nilimweleza asistanti, msaidizi wa profesa, akanijibu nifuate silabusi.

Kinachoniuma zaidi ya alama: humu Bukavu wengi wetu tutatafuta kazi kwenye mashirika. Mtu aliyefundishwa hivi atahesabu kaya zinazochota maji mbali, ataandika robo tatu mahali pasipo na robo tatu, na mabomba yatapelekwa kwingine.

Jumatatu asubuhi napeleka karatasi yangu na silabusi kwa mkuu wa kitivo. Aliyekatwa kwa kuandika 1,00 alete yake, asiitupe. Benchi letu peke yake tuko watano.