Naomba ushauri: mtoto wa paka anabaki peke yake mchana kutwa

Habari zenu wapendwa. Nina mtoto wa paka, jike, wa wiki 9. Naishi peke yangu, natoka saa 1 asubuhi na kurudi saa 11 jioni, kwa hiyo anabaki saa 10 bila mtu.

Kwa sasa namfungia chumbani. Ana maji, beseni la mchanga mbali na chakula, na boksi lenye shuka kuukuu. Nyaya nimezichomoa, madirisha nafunga. Kinachonitatiza ni chakula: kwa umri huu anatakiwa kula mara 3 hadi 4 kwa siku, lakini nikimwachia chote asubuhi anakibugia papo hapo, kisha anatapika.

Juzi ndiyo nilishtuka kweli. Nimefungua mlango nikamkuta anatafuna uzi uliochomoka kwenye pazia, kipande cha urefu wa kidole kimeshaingia mdomoni. Nashukuru aliutema mwenyewe. Sikuthubutu kuuvuta, maana uzi uliokwisha kumezwa ukivutwa unaweza kuchana utumbo. Mapazia nimeyashusha yote, ila tangu siku hiyo nikiwa kazini akili haitulii.

Jirani niliyemwomba amchungulie mchana naye anashinda kazini.

Mliolea paka wadogo huku mnafanya kazi, mlo wa mchana mliwapaje? Na je, nikimletea mwenzake wa umri wake atatulia, au nitakuwa nimeongeza hatari mara mbili?

Asanteni sana.