Kutuma M-Pesa inatosha ama lazima niende nikae na mgonjwa?

MkaaUmoja
Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Niko na swali, naomba msinirushie mawe. Kwa jumuiya yetu hapa Umoja kuna mzee figo zilifeli, sai anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na ni mkewe tu humpeleka na kumrudisha na bado huyo mama ako na kibanda cha mboga. Mchango ukiitishwa kwa grupu ya WhatsApp mimi hutuma, sikosi. Shida ni kwenda. Tulienda na wanajumuiya tukasali rozari, tukaletewa chai, watu wakaanza kumpa moyo mzee, mimi nikabaki nimekodolea macho kalenda ya ukutani juu sina maneno. Utamwambia nini mtu kama huyo, ati utapona? Halafu nafanya shifti Industrial Area, muda wangu ni wa kubana. Juzi padre akahubiri ile ya Mathayo 25, "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama", akasema Yesu hakusema mlinitumia. Kanisa lote likacheka lakini mimi ilinidunga. Kwani pesa si huduma?

Baba_Tasha
Pesa ni huduma, usitishwe. Soma Luka 8 pale mwanzo, Yoana mke wa Kuza na Susana na wanawake wengine walikuwa wanamhudumia Yesu na wale kumi na wawili kwa mali zao, na hakuna mahali Yesu aliwaambia hiyo ni huduma ya daraja la pili. Hata bima ikilipa mashine bado kuna teksi, kuna dawa, kuna vipimo. Yakobo naye amesema wazi, ukimwambia mtu aende kwa amani akaote moto na ashibe na hujampa kitu, imemsaidia nini? Endelea kutuma bro.

SistaWaZamu
Mimi ni nesi, nimekaa sana kwa chumba cha dayalisisi, wacha niwaambie venye kunakaa. Mtu analala kwa hiyo mashine kama masaa manne. Akitolewa presha inaweza kushuka, kichwa kinazunguka, miguu haina nguvu, na hapo ndipo mke anaanza kumkokota mpaka stegi peke yake, na kama wanaishi ghorofa ya juu bila lifti jiulize wanafika aje. Wageni nao huja Jumapili, watu ishirini mara moja, mke wa mgonjwa anapika chai na kuosha vikombe, na wamemletea mzee ndizi na avokado na juisi ya machungwa!! Jamani. Figo zikilala, potasiamu inajaa kwa damu na ikizidi inaweza kusimamisha moyo, na hata maji ya kunywa anapimiwa. Ulizeni kwanza anakula nini. Kwa hivyo MkaaUmoja, maneno hayahitajiki. Siku ya mashine nenda umshike mkono akipanda ngazi, ama ukae kwa hicho kibanda uuze sukuma huyo mama alale hata lisaa limoja. Mgonjwa tunamuona, anayemuuguza hatumuoni, na ndiye anaisha polepole.

Shosh_Kayole
Sista umeongea vizuri lakini nisaidie hapo kidogo. Asiende kujificha kwa sukuma, mzee naye anataka mtu. Wale marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi nzuri waliyofanya, mambo iliharibika walipofungua mdomo. Mimi mzee wangu alipoenda hema ilijaa, harambee ikaenda poa, tukazika, halafu nyumba ikanyamaza kabisa. Kuna msichana mmoja wa kanisani alikuwa anakuja jioni tunachagua njahi, hata Biblia hakuwa anabeba. Sikumbuki hata mahubiri moja ya yale matanga lakini huyo msichana sijamsahau. Na wewe kijana usimuongeleshe mzee ugonjwa kila saa, alikuwa mtu kabla ya figo, muulize alikuwa anafanya kazi gani.

Kimya_Kingi
Na ukienda wacha simu mfukoni. Siku hizi tunamuona mgonjwa kwa status kabla hata hajajua amepigwa picha.

Baba_Tasha
@Shosh_Kayole hiyo ya njahi nimekubali. Lakini padre bado alikuwa mkali, mtu wa shifti ya usiku akisinzia hapo kwa kiti si atakuwa mgonjwa wa pili 😂

MkaaUmoja
Asanteni sana. Nimempigia mama nikamuuliza nije lini, nilidhani atasema Jumapili. Amesema Jumapili watu ni wengi hata viti havitoshi, nije Alhamisi wakitoka hosi, wako ghorofa ya nne na mzee siku hizo hupumzika kila ngazi mbili tatu. Alhamisi nikitoka shifti ya asubuhi nitafika. Mchango pia nitatuma, Baba_Tasha usijali. Sasa mzee ameshika simu akaniuliza kama najua drafti, ile ya vifuniko vya soda, na sijui hata kidogo. Kuna mtu wa Umoja ama Kayole anaweza kunifunza kabla Alhamisi?

Shosh_Kayole
Njoo kesho jioni. Lakini ujue mimi sionei mtu huruma.