MREJESHO: Xeon E5450 kwenye mazabodi ya LGA775, imekubali

Wakuu, niliuliza kama Xeon E5450, prosesa ya seva ya soketi 771, inaweza kuchukua nafasi ya Core 2 Duo E7500 kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya chipseti ya G41, yenye soketi LGA775. Inawezekana, na kazi kubwa haiko kwenye prosesa, iko kwenye BIOS, yaani programu ya mazabodi inayowasha mashine.

Anzeni na BIOS prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Iongezewe maikrokodi ya Xeon, yaani msimbo mdogo unaoifanya BIOS iitambue prosesa: kwa E5450 yenye alama SLANQ ni ya namba 10676, kwa SLBBM ni 1067A. Chukueni SLBBM, ni toleo jipya zaidi. Maikrokodi ikikosekana, mashine inaweza kuwaka lakini SSE4.1 (kundi la amri za ziada za prosesa) isionekane, au ikajizima na kuwaka tena bila kikomo.

Stika ya kubandika chini ya prosesa, inayobadilishana miguu miwili ya 771 ili ilingane na 775, ndiyo inayosumbua. Futa upande wa chini wa prosesa kwa spiriti, iache ikauke kabisa, kisha bandika. Ikihama hata nusu milimita, feni inazunguka na skrini inabaki nyeusi. Mimi ya kwanza ilihama. Kubandua na kurudia kulitosha.

Meno mawili ya plastiki ya soketi, yanayozuia prosesa ya 771 isikae, yanakatwa kwa wembe mpya, taratibu. Pini ikipinda ndiyo basi tena, kwa hiyo msikate usiku wa umeme wa kukatika.

Sasa inasoma 3.0GHz (333 × 9), kori nne, kashe 12MB. Ila ni wati 80 dhidi ya 65 za E7500, hivyo ile feni yake nyembamba haifai.