Saidimaunti: vitako vya mitungi ya alumini vinapanda hewa ikipungua, tatizo liko wapi?

kaskazi_nungwi ameuliza:

Assalaam aleikum wana jamvi.

Mimi ni daivumasta (kiongozi wa wazamiaji) hapa Nungwi, kazi yangu kubwa ni kupeleka wageni kuzama Mnemba na Leven Bank. Mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao kaniuzia hanesi yake ya saidimaunti (kuzama na mitungi ubavuni badala ya mgongoni) pamoja na puto lake la kuelea, regulata mbili za kupumulia na hozi ndefu. Nimekuwa nikifanya mazoezi peke yangu jioni tukishashusha wageni, kwenye maji ya mita nne hadi sita, mchanga mtupu chini. Mitungi ninayotumia ni ile ile ya kazini, alumini 80.

Mwanzo wa mbizi, bar 200 (kipimo cha presha ya hewa mtungini) kila upande, raha tupu. Mitungi imelala sambamba na mbavu, siigusi. Nikifika bar 110 hivi vitako vinaanza kunyanyuka. Bar 80 vimeshapita usawa wa makalio, vinatazama juu, na valvu zimeshuka hadi kifuani zinanigonga kidevu nikigeuza kichwa. Halafu mwili unalalia upande mmoja, mara kulia, mara kushoto.

Nimeongeza risasi (uzito wa kuzamia) kilo mbili kwenye mkanda wa kiuno. Sasa mwanzo nazama sana, natia hewa kwenye puto, puto linanyanyua makalio na kichwa kinaelekea mchangani. Nimetazama video nyingi, kila mmoja anafunga namna yake: huyu anasema kulabu ya mtungi iwe pete ya nyuma ya hanesi, yule anasema pete ya mbele.

Je, tatizo ni risasi, ni lastiki inayoshika valvu, au ni mitungi yenyewe? Na kozi ni lazima, ilhali nina cheti cha daivumasta na maji nimeyazoea tangu utoto?

---

mtumbwi_kilifi amejibu:

Kaka, usijisumbue. Funga risasi ya kilo moja kwenye kitako cha kila mtungi, kaza na mkanda. Vitatulia. Huku kwetu wengi wanafanya hivyo.

---

Bi_Chole amejibu:

Waalaikum salaam kaka wa Nungwi. Umeeleza vizuri, hata bar umezitaja, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Nafundisha saidimaunti hapa Mafia. Mwenyewe nilisomea Dahab, Misri, na tangu hapo sijarudi kubeba mtungi mgongoni ila nikiwa na mwanafunzi wa Open Water, kozi ya kwanza ya uzamiaji.

Anza na mtungi wenyewe. Alumini 80 ni lita 11.1. Ukiujaza hadi bar 200 una hewa zaidi ya lita 2,200, na hewa ina uzito: hapo ni zaidi ya kilo mbili na nusu. Mtungi uliojaa unazama baharini, lakini kidogo tu, haufiki kilo moja. Ukiisha unaelea, unakuvuta juu kwa karibu kilo mbili. Na hauelei wote sawasawa. Juu kuna valvu ya shaba na regulata, vitu vizito visivyopungua. Chini kuna alumini tupu. Kwa hiyo kinachopanda ni kitako. Mtungi wako unafanya kile unachopaswa kufanya, na kila mtungi wa alumini 80 kuanzia Watamu hadi Mtwara utafanya vivyo hivyo.

Sasa video. Kabla hujaiga, tazama mtungi wa anayekufundisha ni wa chuma au wa alumini. Mtungi wa chuma unabaki mzito hata ukikaribia kuisha, kitako chake hakipandi, kwa hiyo mwenye chuma anafunga nyuma kabisa kwenye makalio na anaacha hapo hadi mwisho wa mbizi. Ndivyo wengi wa Florida na Ulaya wanavyofanya. Wanaozama kwenye mapango ya Meksiko, kule Yucatán, wanatumia alumini 80 kama sisi, na wao ndio utawaona wakihamisha kulabu katikati ya mbizi. Wote wako sahihi kwa mitungi yao. Wewe fuata wa Meksiko.

Jambo ninalowasisitizia wanafunzi wangu kuliko yote ni hili: funga vifaa vyako kwa ajili ya mwisho wa mbizi. Karibu kila mtu anajipanga ufukweni na mitungi iliyojaa, anapiga picha, anaona amelala vizuri, anaridhika. Wewe fanya kinyume. Mbizi za kazi zikiisha, chukua mitungi miwili iliyobaki na bar 50 au 60, ingia nayo maji ya mita mbili tatu, na hapo ndipo ukaze na kulegeza. Ukilala vizuri na mitungi mitupu, iliyojaa haitakusumbua.

Ukiwa hapo, anza na lastiki. Kwa jinsi ulivyosema valvu zinashuka kifuani, naamini yako imelegea, na kama hanesi ni ya mtumba basi jua na chumvi vimeshaila. Inatakiwa itoke nyuma ya bega, ipite chini ya kwapa, izunguke shingo ya valvu na kuivuta juu muda wote. Jipime hivi: isukume valvu chini kwa kiganja kisha iachie. Irudi yenyewe kwapani, mara moja. Ikirudi polepole au ikabaki ilipo, badilisha lastiki. Ni kitu rahisi, lakini valvu ikishuka kitako lazima kipande, maana mtungi unabembea kwenye ile kulabu ya kiunoni. Nusu ya wanaoniletea malalamiko ya vitako, ugonjwa wao uko juu, kwenye lastiki.

Kisha klipu ya chini, ile ya chuma unayokaza kwa bisibisi kama ya hozi ya radieta, iliyobeba kulabu. Valvu ikiwa kwapani, kulabu iangukie usawa wa pete zako za kiunoni. Ikiwa karibu mno na kitako, utausukuma mtungi mzima mbele na valvu itakujia usoni.

Halafu pete. Mwanzo wa mbizi kulabu iwe pete ya nyuma, kwenye nyonga. Ukifika bar 120 hivi, chomoa moja, ihamishie pete ya mbele kiunoni, tulia pumzi mbili tatu, kisha hamisha na ya pili. Kitako kitashuka na mtungi utalala tena na ubavu. Fanya ukiwa unaning'inia, usipige magoti mchangani, maana siku ya kazi chini yako patakuwa na matumbawe au hapatakuwa na kitu kabisa.

Kuhusu risasi za kwenye kitako, ndugu yangu wa Kilifi, nakuelewa, zinasaidia mwisho wa mbizi. Lakini mwanzo, mtungi ukiwa umejaa, kitako kitaning'inia chini na kukwangua matumbawe. Tena mtungi ukiuchomoa kumpa nahodha, risasi inaondoka nao na wewe unabaki mwepesi kabla hujapanda boti. Mimi sifungi.

Risasi za kiunoni zitoe zote, kaka wa Nungwi. Pima hivi: mita tano, bar 50 kila mtungi, puto tupu, pumua kawaida. Ukibaki hapo hapo, risasi ulizo nazo zinakutosha. Kutoka bar 200 hadi 50 kwa mitungi miwili unapoteza kilo nne za hewa, kwa hiyo mwanzo wa mbizi utakuwa mzito kwa kilo nne, na hilo haliepukiki, puto ndiyo kazi yake. Lakini kila kilo ya risasi isiyohitajika inakulazimisha kutia karibu lita moja zaidi ya hewa kwenye puto, na puto la saidimaunti limekaa kiunoni na makalioni. Ndiyo maana unaenda kichwa chini. Kwa suti ya milimita 3 na maji yetu ya vuguvugu, chache utakazobaki nazo ziweke kwenye uti wa mgongo, chini ya puto. Mkanda wa kiuno uachie pete.

Kulalia upande, hilo la mwisho: unapumua mtungi mmoja muda mrefu mno. Tofauti ya bar 50 kati ya mitungi ni zaidi ya nusu kilo. Badilisha regulata kila bar 30 hadi 50, usingoje mwili ukukumbushe.

Kozi nitaijibia nikirudi, boti inangoja maji ya kujaa hapa Kinasi.

---

kaskazi_nungwi amejibu:

Mwalimu, shukrani sana. Lastiki nimeitazama sasa hivi, imechanika uzi wa nje na nikiivuta hairudi. Kesho nabadilisha.

Swali la pili ni la kazini. Mgeni akiishiwa hewa, mimi nina regulata mbili za mitungi tofauti. Nampa ipi? Bosi wangu ana wasiwasi na hilo.

---

Bi_Chole amejibu:

Bosi ana haki ya kuuliza. Unampa yenye hozi ndefu, siku zote. Hozi hiyo, ya mita 2.1, inatoka mtungi wa kulia. Ile fupi ya mtungi wa kushoto inakaa shingoni kwa lastiki, chini ya kidevu. Ukiwa unapumua ndefu, itoe mdomoni umpe, wewe shika ya kidevuni. Ukiwa unapumua fupi, ndefu iko kwenye pete ya bega la kulia: ing'oe, mpe. Hakikisha imefungwa kwa kitu kinachoachia kwa kuvuta. Mwonyeshe mgeni kwenye boti kabla hamjaruka, aishike kwa mkono wake. Amezoea kutafuta regulata ya akiba ya njano ubavuni kwako, na wewe huna.

Na hapo ndipo kozi inapoingia. Ya PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji, inataka cheti cha Open Water na umri wa miaka 15, mbizi moja kwenye maji tulivu na tatu baharini. Si mzigo kwa daivumasta. Maji umeyazoea, sina shaka, lakini ukiwa peke yako hakuna wa kukutoa regulata mdomoni ghafla ukaona mkono wako unaenda wapi. Regulata ikianza kumwaga hewa yenyewe, unatakiwa ufunge valvu ya upande huo huku umeshahamia ya pili, na ukihitaji hewa ile tena, uifungue na kuifunga kwa vidole kila unapovuta pumzi. Uzuri wa saidimaunti ni kwamba valvu unaiona kwa macho, iko kwapani. Lakini valvu za kazini nyingi zimetazama upande mmoja, kwa hiyo koki ya mtungi mmoja inakaa mahali usipopategemea, na za kufunga regulata kwa nira (fremu ya chuma) zinatokeza na kunasa kamba. Mkufunzi atakuzoesha hilo hadi mkono uende wenyewe. Chagua anayezama hivyo kila siku. Mwenye cheti cha kufundisha tu bila kuzama hivyo mwenyewe, mpite.

Mkondo ukiwa mkali, usishushiwe mitungi majini. Vaa yote miwili kwenye boti, ruka nayo. Mnemba unaijua kuliko mimi: sekunde unazopoteza juu ukihangaika na kulabu, mkondo unakuhamisha.

---

pwani_kusini amejibu:

Samahani kuingilia. Mimi nazamia majongoo bahari, natumia mtungi mmoja. Nikifunga miwili ubavuni si nitakaa chini muda mara mbili? Hilo ndilo linanivutia.

---

Bi_Chole amejibu:

Ndugu yangu, hapana, na nakuomba unisikilize. Hewa inaongezeka mara mbili, mwili wako hauongezeki. Kwa jedwali la PADI, mita 18 mwisho ni dakika 56, mita 30 mwisho ni dakika 20, na hiyo ni mbizi ya kwanza ya siku. Ukizama mara ya pili na ya tatu muda unapungua zaidi, kwa sababu naitrojeni ya asubuhi bado iko mwilini. Mtungi mmoja, kwa kuisha kwake, umekuwa ukikupandisha juu kabla hujafika pabaya. Miwili haitakupandisha. Utakaa hadi mwili ujae naitrojeni, na ukipanda utaumwa viungo, au miguu itakataa kusimama.

Nauliza bila kukulaumu: una kompyuta ya mkononi ya mbizi? Kama huna, fedha ya mtungi wa pili nunua hiyo kwanza, na mtu wa botini ajue umeingia saa ngapi. Niandikie kwa faragha ukipenda, nitakuelekeza kusoma jedwali bila malipo yoyote.

---

kaskazi_nungwi amejibu:

Mwalimu, nimerudi. Lastiki mpya, risasi za kiunoni nimetoa zote, kilo moja tu nimebakisha mgongoni. Nimeingia na bar 60 kila upande kama ulivyosema. Vitako vimelala. Nilipohamisha kulabu pete ya mbele vikawa sawa kabisa na mbavu, na teke la chura linanipeleka bila kichwa kushuka.

Ila bado kuna kulalia kushoto kidogo, hata mitungi ikiwa na bar sawa. Nimebadilisha upande wa mitungi, bado.

---

Bi_Chole amejibu:

Safi sana! Kama umebadilisha mitungi na bado ni kushoto, mitungi imeshatoka kwenye kesi. Tazama vitu viwili. Kwanza klipu za chini: zilinganishe mitungi ikiwa imesimama sakafuni, tofauti ya vidole viwili tu inatosha kukupindua. Pili hiyo kilo ya mgongoni: iko katikati ya uti wa mgongo, au mfuko umesogea upande? Na puto, ukilitia hewa nchi kavu, linajaa pande zote mbili sawa? Ya mtumba huwa yanajikunja upande mmoja chini ya mkanda. Piga picha ukiwa umeivaa, mgongo na ubavu wa kushoto, uniwekee hapa.