Waraka wa wizara ukifika, baraza la fakulte linajadili au "linachukua akti" (linapokea bila kujadili) tu?

asistanti_wa_katuba

Jambo wakubwa. Niko asistanti, mandati (muhula) ya pili, chuo cha serikali hapa Lubumbashi. Tangu miezi mitatu mimi ndiye ninayewakilisha maasistanti na ma-CT (chef de travaux, ngazi ya juu ya asistanti) kwenye baraza la fakulte. Nilichaguliwa kwa kuwa siku ile sikuja, mnajua vile inaendaga.

Juma lililopita kikao kilipangwa saa tatu, tukakianza saa tano kasoro, umeme ulikuwa umekatika na maketi (mipango ya kozi) zote za LMD, ule mfumo wa lisansi, masta na doktora, zilikuwa ndani ya projekta. Katibu akasoma waraka wa Kinshasa, kurasa kumi na moja, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya misa. Alipomaliza, doyeni, mkuu wa fakulte, akasema: "Tunachukua akti." Basi. Tukahamia pointi ya pili: viti vilivyovunjika vya auditorio. Viti vikajadiliwa dakika arobaini.

Nikanyoosha mkono turudi nyuma. Ninasimamia maabara ya kozi moja. Zamani kila mwanafunzi alipata saa 30 za vitendo. Katika maketi mpya, kozi imefungwa ndani ya UE (kundi la kozi) moja pamoja na kozi mbili nyingine, na vitendo vimebaki saa 15. Nina wanafunzi 214 na darubini 9 zinazofanya kazi (ya kumi inafanya kazi ukiipiga kidogo ubavuni). Sikumaliza hata sentensi. Profesa mmoja akanigeukia: "Mdogo, waraka wa waziri haujadiliwi, unatekelezwa."

Nikakaa. Lakini jioni, mbele ya bukari (ugali) yangu, nikajiuliza: kama haujadiliwi, kwa nini tunaitwa baraza? Wenye kujua sheria wanisaidie.

mzee_wa_unaza

Mwanangu, huyo profesa amesema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ndiyo inayochosha.

Mimi niliingia chuo 1976. Wakati huo hakukuwa na Université de Lubumbashi. Tangu 1971 vyuo vikuu vitatu vya nchi vilikuwa vimeunganishwa kuwa UNAZA, chuo kikuu kimoja cha taifa la Zaire, rekta (mkuu wa chuo) mmoja tu, naye alikaa Kinshasa. Ukitaka kitu, barua inapanda ndege. Jibu, ukibahatika, linarudi mwaka unaofuata. Ilikuwa Oktoba 1981 ndipo vyuo vitatu vikatenganishwa tena, kila kimoja na jina lake, na ordonansi-sheria (amri ya rais yenye nguvu ya sheria) namba 81-025 ya tarehe 3 mwezi huo ikapanga upya elimu ya juu yote. Nakueleza hivi kwa sababu vijana mnadhani baraza la fakulte ni mapambo. Sisi tulioona chuo kinachoongozwa toka mbali tunajua lilivyokosekana.

Sasa swali lako. LMD yenyewe huwezi kuikataa, wala doyeni wako, wala rekta. Iko ndani ya sheria-msingi ya elimu, namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, na katiba ya 2006 imeacha kanuni za elimu mikononi mwa serikali kuu, siyo mikononi mwa jimbo wala chuo. Lisansi ni miaka mitatu, kredi 180, kila semesta 30. Hapo kweli unachukua akti.

Lakini nikuulize: zile saa 15, nani aliziandika? Umeziona ndani ya kurasa kumi na moja kwa macho yako, au ziko ndani ya maketi tu? Nimekaa kwenye mabaraza mengi. Mara nyingi kitu tunachosema "kimetoka Kinshasa" kimetoka ofisi ya tatu upande wa kushoto, kimeandikwa na mwenzetu usiku wa mwisho kabla ya kupeleka faili rektora, ofisi ya rekta. Tafuta kwanza mwandishi. Kisha ndiyo ujue unajadiliana na nani.

ct_ruashi

Mzee, heshima yako, lakini unamtuma kijana vitani na fimbo ya bua. Rekta anateuliwa toka Kinshasa. Kila mtu kwenye ile meza anatazama juu. Na huyu ni asistanti: faili lake la mandati linaanzia departema, linapita kwenye baraza hilohilo. Wale anaotaka kuwauliza "nani aliandika" ndio watakaoinua mikono juu ya jina lake.

Simwambii anyamaze. Namwambia asiende peke yake. Nenda na hesabu: wanafunzi wawili kwa darubini moja ni 18 kwa kundi, yaani makundi 12. Makundi 12 mara saa 15 ni saa 180 za mtu mmoja, kwa semesta moja. Hesabu haina adui. Neno "haki" linao.

mama_aparitora

Baba, mimi siko prof, niko aparitora (karani wa fakulte) miaka 19, lakini PV (kumbukumbu za vikao) za mabaraza zinapita mikononi mwangu zote, kwa hiyo nisikilize.

Kosa lako ni kunyoosha mkono. Pointi ikishafungwa, imefungwa. Na usingoje "divers" (mengineyo) pale mwisho, saa ile watu wameshashika funguo za gari. Unaandika barua kwa shefu wa departema, nakala mbili. Moja unaiacha, ya pili wanakupigia muhuri wa kupokea pamoja na tarehe. Departema ikijadili, inaipeleka fakulte, na pale inakuwa pointi yenye namba kwenye ordre du jour (ajenda). Pointi yenye namba lazima ijibiwe, hata kama jibu ni hapana. Na hapana inaandikwa.

Jambo la pili: mwanzo wa kila kikao wanasoma PV ya kikao kilichopita ili ipitishwe. Watu wote wanachezea simu. Wewe sikiliza. Kama swali lako la darubini halimo, njo pale unasema, kwa adabu: "Bwana doyeni, naomba iongezwe." Maneno yanapotea, baba. PV njo inabaki.

asistanti_wa_katuba

Nimerudi, na nina aibu kidogo.

Nilimfuata mzee. Nilisoma zile kurasa kumi na moja neno kwa neno. Hakuna saa 15. Hakuna neno maabara kabisa. Kuna kredi, kuna kalenda, kuna ada, kuna onyo juu ya kuuza silabasi. Nikaenda departema, nikaomba faili la tume ya maketi. Saa zimegawanywa kwenye kikao cha siku moja, Jumamosi, na orodha ya waliohudhuria imeambatanishwa.

Jina la saba ni langu. Saini ni yangu. Nakumbuka siku ile: nilisaini, nikasubiri nusu saa, nikaondoka kwenda kwenye matanga komuni ya Kenya, hapahapa mjini. Waliobaki walikuwa wanne, na hakuna hata mmoja anayejua mlango wa maabara uko wapi.

Kwa hiyo nimeandika barua jana. Sikumlaumu mtu, ningemlaumu nani? Nimeweka hesabu ya CT, makundi 12 na saa 180, nikaomba maabara itengwe kama kipengele chenye kredi zake ndani ya UE ileile, bila kugusa jumla ya 30. CT wawili wamesaini pamoja nami. Muhuri ninao. Kikao cha departema ni Alhamisi, sisi ni pointi ya nne.

mama_aparitora

Vizuri. Alhamisi usaini, kisha ukae.