Mfumo unakataa sheli mpya ya kuingilia

Swali: Ndugu wataalamu, nimetumia amri `chsh -s /usr/local/bin/fish` ili kubadilisha sheli yangu, yaani programu inayopokea amri mara mtumiaji anapoingia, lakini mfumo unasema sheli hiyo si halali, ingawa nikiiita yenyewe inafanya kazi vizuri. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza: Amri yako ni sahihi. Mtumiaji wa kawaida huruhusiwa kuchagua tu sheli ambayo njia yake kamili imeorodheshwa katika faili la `/etc/shells`, kwa hiyo ongeza humo mstari `/usr/local/bin/fish` kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, kisha urudie amri. Chaguo lako litaandikwa katika `/etc/passwd`, faili lenye orodha ya watumiaji, sehemu ya saba ya mstari wako, baada ya alama ya mwisho ya nukta mbili (`:`).

Jibu la pili: Nakusihi usifunge dirisha ulilo nalo kabla hujajaribu kuingia upya kupitia dirisha jingine, kwani herufi moja iliyokosewa katika njia hiyo inaweza kukufungia nje. Sheli ya root iache ilivyo.

Muulizaji: Nashukuru sana. Mstari haukuwamo; nimeuongeza, nikatoka na kuingia tena, na sasa `echo $SHELL` inaonyesha `/usr/local/bin/fish`.